Jaketi la Kuteremkia Kona Baridi

Odero Amolo amekaa Kitengela miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo amekuwa akisimamia stoo ya shamba moja la maua upande wa Isinya. Yeye ndiye huwapa wapiga dawa buti, glavu na makoti asubuhi, na ndiye huyakagua yakirudishwa. Kabla koti halijatoka mkononi mwake huligeuza ndani nje na kuliinua dirishani, mshono kwa mshono, aone kama mwanga unapenya. Mwanga ukipenya, dawa itapenya, na dawa ikipenya mtu ataugua. Odero alijua makoti. Mtu yeyote pale shambani angekuambia hivyo.

Baiskeli hakuzijua. Mwenye baiskeli alikuwa binti yake Maryanne, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa chuoni na ambaye mwaka uliopita alijiunga na kikundi cha waendesha baiskeli kule Kiserian. Mwezi wa Mei kulikuwa na mashindano Kajiado, na alikuwa amejiandikisha. Mama yake, Caren, ni mwalimu Homa Bay na huja nyumbani likizo tu, kwa hivyo ruhusa zote zilikuwa juu ya Odero. Mwanzoni alizitoa kwa moyo mweupe. Hata majirani aliwaonyesha picha za binti yake akiwa na helmeti.

Halafu mwisho wa Machi mvua zikaanza, na kijana mmoja wa kikundi hicho, Ngui, akagongwa na lori akitoka Isinya. Alivunjika nyonga. Odero alienda kumwona hospitalini na kumpelekea matunda.

"Dereva alisema hakuniona," Ngui alimwambia. "Na mimi namwamini, mzee. Jaketi yangu ilikuwa ya kijivu. Mvua ni kijivu, lami ni kijivu. Angeniona na nini?"

Maneno hayo Odero alirudi nayo nyumbani, akala nayo, akaenda nayo kazini. Wingu likitokea upande wa Ngong alikuwa akisimama mlangoni pa stoo na kumpigia Maryanne simu. Uko wapi? Umetoka na baiskeli? Siku moja hakujibiwa kwa saa nzima kwa sababu Maryanne alikuwa darasani, na Odero akawapa watu watatu buti za saizi zisizo zao.

Jioni hiyo akamwambia, "Hutapanda baiskeli tena kwa mvua mpaka nikununulie jaketi."

"Lakini niko na moja, Baba."

"Hiyo ni pazia."

Katika soko la Kitengela kuna mwanamke anaitwa Kavata, ambaye anauza majaketi tu, yametundikwa safu kwa safu kama nyama buchani. Odero alimweleza shida yake. Kavata akafikiri, akamshushia mawili. La kwanza lilikuwa la rangi ya machungwa, jepesi, linakunjika likaingia kwenye kiganja. La pili lilikuwa la manjano, refu, zito, limepakwa mpira kwa ndani, na lina mikanda inayong'aa mgongoni na mikononi.

Odero hata hakulifungua lile jepesi. Alichukua la manjano akaligeuza, akaliinua kwenye mwanga. Kisha akaomba maji kwenye jagi, akafunga mkono mmoja wa jaketi, akamimina ndani na kungoja. Hakuna tone lililotoka.

"Huyo msichana wako ni wa mashindano ama ni wa trafiki?" Kavata akauliza.

"Wa mashindano."

"Basi mlete ajaribu mwenyewe. Mimi nauza, lakini sitaki urudi hapa ukinilaumu."

"Sitarudi," Odero akasema.

Maryanne alilivaa sebuleni. Lilimfika mapajani. Aliinua mikono, akaishusha, na jaketi likalia kama turubali. "Ni zito, Baba."

"Acha liwe zito. Lori litakuona, na mvua haitakugusa." Kisha sauti yake ikabadilika. "Niahidi. Ikianza kunyesha unavaa, na hutoi mpaka ufike. Hata wenzako wakikucheka."

Alimtazama baba yake. Hakuwa amewahi kumwona akiomba kitu kwa sura ile. "Nimekuahidi," akasema.

Jumamosi iliyofuata kikundi kilikuwa na mazoezi marefu: kutoka Kiserian kupanda hadi Kona Baridi, kuteremka upande wa pili hadi Kisamis, kisha kugeuka na kuupanda mlima wote kurudi Kona Baridi, na mwisho kushuka Kiserian. Odero hakuweza kukaa nyumbani. Aliomba siku ya kupumzika, akaenda hadi Kiserian alikokuwa Simel, kocha wao, fundi wa baiskeli ambaye zamani alishindana mwenyewe na siku hizi huwafuata vijana wake kwa pikipiki.

"Sopa, Baba Maryanne," Simel akamsalimu kwa Kimaasai.

"Epa. Mvua itanyesha?"

Simel alitazama juu. "Hii ni Aprili. Itanyesha tu."

Odero alikodi pikipiki, akapanda hadi Kona Baridi, akaingia kibanda cha chai kilichotazama barabara inayotoka bondeni. Upepo wa pale hauna adabu, unaingia hata mahali pasipo na mlango. Alikaa na kikombe mkononi bila kunywa. Mawingu yalikuwa yanapanda kutoka chini kama moshi wa kuni mbichi, na kabla saa haijaisha mvua ikashuka kwa uzito wake wote. Lori likipita alihesabu pumzi mpaka mlio wake upotee bondeni.

Mwendeshaji wa kwanza akatokea, Nelson, amelowa mpaka viatu lakini anakanyaga kwa nguvu. Nyuma yake wakaja wawili pamoja. Maryanne hakuwepo. Dakika tano zikapita, kisha kumi. Odero alitoka akasimama kwenye mvua. Akapiga simu, ikalia, haikuchukuliwa. Alijua hawezi kuipokea akiwa anaendesha, na bado akapiga tena.

Kisha mbali kwenye kona akaona rangi ya manjano.

Aliona vizuri kabisa. Mvua yote ile, ukungu wote ule, na bado jaketi lilikuwa linawaka kama taa. Odero alicheka peke yake barabarani. "Nyathina!" akaita binti alipofika karibu. "Mtoto wangu! Umefika!"

Maryanne hakuinua mkono. Kichwa kilikuwa chini, mdomo wazi, uso umevimba kwa joto. Alipita mbele ya baba yake kana kwamba hamwoni, akavuka kilele, akaanza kuteremka kuelekea Kiserian. Simel, aliyekuwa nyuma yake kwa pikipiki, akapita bila kusalimu.

Odero alikimbilia pikipiki iliyomleta, iliyokuwa ikingoja kando ya kibanda. Akamwambia mwenye pikipiki, "Wafuate."

Hawakuwa wamekwenda mbali walipoiona pikipiki ya Simel kando ya barabara, na baiskeli imelala, na manjano kwenye nyasi. Odero aliruka kabla pikipiki haijasimama vizuri.

Maryanne alikuwa amekaa. Hakuwa amegongwa. Ng'ombe walikuwa wakivuka, akataka kufunga breki, na vidole vikakataa. Vilikuwa vimekufa ganzi. Ikabidi aielekeze baiskeli kwenye nyasi, na huko ikamtupa. Goti lilikuwa limechubuka kidogo. Lakini alitetemeka vibaya, meno yanagongana, na midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Simel alikuwa anavuta zipu ya jaketi.

"Usimvue!" Odero akapiga kelele. "Huoni mvua?"

Simel alimaliza kuvuta zipu. Aliuvuta mkono wa jaketi, na kutoka ndani yakamwagika maji, si matone mawili, ni kama mtu ameinamisha kikombe.

"Limepasuka," Odero akasema. "Haiwezekani. Nilikagua mimi mwenyewe."

"Halijapasuka, mzee." Simel aliongea bila hasira. "Hii ni jasho yake. Amepanda kutoka Kisamis akiwa amejifungia ndani kama viazi kwa sufuria. Hakuna mvua imeingia, sawa, lakini hakuna joto imetoka. Sasa ameteremka na upepo, na hayo maji yote yamemgeukia baridi."

Mwenye ng'ombe alikuwa mama mmoja anayeitwa Soila. Nyumba yake ilikuwa hapo juu ya barabara, na hakungoja kuombwa. Alimshika Maryanne mkono, akampeleka ndani, akampa nguo kavu na shuka mbili nzito, akawasha moto, akaweka chai ya maziwa. Maryanne hakuweza kukishika kikombe. Odero alimshikia, akampa kidogo kidogo kama alivyokuwa akimlisha alipokuwa mdogo. Ilichukua muda mrefu kabla meno hayajaacha kugongana, na wakati wote huo Odero hakuondoa macho kwenye midomo yake, akingoja rangi irudi.

"Uliposikia joto kwa mlima," mwishowe akauliza, "kwa nini hukutoa?"

"Ulisema nisitoe, Baba."

Soila aliinama akasukuma kuni. Simel akatoka nje kuangalia baiskeli ambayo haikuwa na shida yoyote. Odero alikiinua kikombe tena. "Kunywa," akasema. Na Maryanne alipomeza: "Nilikosea. Nilichagua jaketi ya kunitoa mimi wasiwasi."

Jumatatu walikwenda sokoni pamoja. Kavata alipowaona alilishusha lile la machungwa kabla hawajauliza, na Odero alishukuru. Simel alikuwa amemweleza Maryanne cha kutafuta: jaketi linaloingia kwenye mfuko wa mgongoni ili ulivae unapoteremka na ulitoe unapopanda, lenye zipu ambayo hata vidole vya baridi vinaweza kuivuta, refu nyuma, na lisilo na kofia ya kukuziba macho ukigeuka. Maryanne alivaa lile la rangi ya machungwa. Aliinama juu ya meza ya Kavata kana kwamba ameshika usukani, akanyoosha mikono. Mikono ya jaketi haikupanda juu ya kifundo cha mkono, na mgongo ulibaki umefunikwa.

"Litavuja," Odero akasema.

"Baada ya saa moja hivi litaingiza kidogo. Nitalowa, Baba, lakini nitalowa nikiwa na joto."

Odero aliagiza chai ya moto kutoka kibanda cha jirani. Alifunika kikombe kwa kitambaa cha jaketi jepesi, akafudikiza glasi juu yake. Glasi ikaanza kupata ukungu wa mvuke uliopenya. Akafanya vivyo hivyo kwa kipande cha mpira alichobeba kutoka stoo, na glasi ikabaki kavu, angavu. Alirudia mara mbili. Sasa akili ilielewa. Moyo ulikuwa bado.

"Na lori litamwona?"

Kavata alilichukua jaketi, akatembea nalo kwenye manyunyu mpaka mwisho wa safu ya vibanda, akaligeuza huku na huku. Lilionekana. Odero akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayetia sahihi karatasi asiyoipenda.

Siku ya mashindano, katikati ya Mei, alisimama kwenye mwinuko mmoja njia ya kuingia Kajiado. Mvua ilikuwa imeanza. Maryanne alitokea akiwa kwenye kundi la watu wanane, na hakuwa na jaketi mwilini. Maji yalikuwa yanamtiririka shingoni. Odero alifungua mdomo kupiga kelele avae, akaufunga. Alishika waya wa ua uliokuwa karibu mpaka kundi likapita.

Alimkuta mwisho wa mbio, amekuwa wa kumi na moja, jaketi la rangi ya machungwa limefungwa mpaka kidevuni kwa sababu ya ule mteremko wa mwisho. Kabla hajampa hongera alimshika vidole vyote kumi akavibonyeza. Vilikuwa vimelowa, vichafu kwa mafuta ya cheni, na vina joto.

"Niko sawa, Baba," Maryanne akasema. "Niko na njaa tu."

Wakaenda kutafuta mahali pa kula, yeye akisukuma baiskeli, Odero akitembea upande wa magari.