Nyumba Mbili za Kwanza

Binti niliyemtaka alilelewa na shangazi yake, kwa hiyo posa yangu ilikuwa lazima ipitie kwa mama huyo. Alikuwa na vyumba vya kupangisha wageni huko Diani, na mgeni mmoja aliondoka akasahau mchezo wa ubao. Tangu hapo shangazi hakuwauliza wachumba wanafanya kazi gani. Aliwakalisha mkekani baada ya chakula cha mchana, wakacheza watatu: yeye, mchumba na binti mwenyewe. Wawili walishafukuzwa kabla yangu. Mmoja wao, mwenye duka la simu Ukunda, alijenga kando ya jangwa la ubaoni, lisilozaa kitu, kwa kuwa aliona pana nafasi ya kuegesha gari.

Mimi ni fundi wa viyoyozi kutoka Msambweni, nikajiona mjanja.

Mchezo wenyewe si mgumu. Ubao una vipande vya ardhi: hapa mbao, pale matofali, kwingine kondoo, ngano au mawe. Kila kipande kina namba yake, na dadu zikiitoa namba hiyo, aliyejenga pembeni anavuna. Kisha mnabadilishana mlichovuna ili mjenge zaidi, na wa kwanza kufikisha pointi kumi ndiye mshindi. Ila kabla ya kuanza kila mtu huchagua mahali pa nyumba zake mbili, na hapo ndipo watu huangamia. Sita na nane hutoka mara kwa mara. Mbili na kumi na mbili utazisubiri mpaka uote mvi.

Siku ya kwanza shangazi alinikaribisha nitangulie. Niliona njia panda nzuri ajabu, vipande vitatu vinapokutana: ngano ya sita, matofali ya nane, mbao pembeni. Lakini utamnyang'anyaje mkweo mahali kama pale? Nikamwachia, nikajenga ufukweni, maana huku kwetu mwenye ufukwe ndiye tajiri. Kumbe kwenye ubao ule bahari haizai hata dagaa. Nilikaa na kondoo wangu mmoja mpaka adhana ya alasiri.

"Ile njia panda hukuiona?" shangazi akaniuliza.

"Niliiona, shangazi. Nilikuachia kwa heshima."

"Na shamba la mke wako, baba, utamwachia nani kwa heshima?"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Jumamosi iliyofuata nilitoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba, na heshima yangu ikaishia hapo. Nyumba ya kwanza niliiweka kwenye ngano ya nane. Ya pili niliibandika pale pale shangazi alipokuwa ameshapanyooshea kidole.

"Mtoto huyu hana haya!" akasema, na macho yakamng'aa.

Tulizibiana njia, tukanyimana matofali, tukatupiana maneno ambayo hayasemwi mbele ya wakwe. Nilifurahi sana. Nikajiambia, huyu mama nimeshampata.

"Pointi kumi," akasema binti.

Tuligeuka wote wawili. Nyumba zake mbili za kwanza zilikuwa kwenye namba za kawaida, kama tano na tisa, ambazo hakuna aliyezigombea. Lakini zilimpa mazao yote matano, kwa hiyo hakuwa na haja ya kumbembeleza mtu. Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Kisha akanigeukia.

"Huyu alianza kujenga lini hapa?"

"Sikuangalia, shangazi."

"Umekuja kumwoa yeye, na Jumamosi mbili umenitazama mimi."

Akasema kwa upande wake nimeshapita, sasa nimuulize mwenyewe. Nilikuwa nimeshamwomba shangazi, ami zake wawili, baba yangu na imamu wa msikiti wao. Binti sikuwa nimemuuliza hata siku moja. Nilidhani maadamu anapokea simu zangu, basi yamekwisha. Niliona aibu kuliko siku ya kondoo.

Nilimuuliza pale pale mkekani. Alimaliza kwanza kupanga kadi zake za mazao.

"Ungelianzia kwangu," akasema, "ungelikuwa umeshaoa kabla ya Ramadhani."