Raba za Mama na Njia ya Mfereji

Mama yangu namjua kwa mgongo. Wapange wanawake wote wa Gatwekera, mtaa wetu wa mabanda, wakinipa kisogo, nitamtoa wangu bila kubahatisha. Njia za kwetu ni nyembamba, mtaro katikati, mabati huku na ukuta wa udongo kule, kwa hiyo mtu na mwanawe hawawezi kutembea sambamba. Yeye alitangulia, mimi nikafuata. Aliniongelesha bila kugeuka, maneno akiyarusha juu ya bega, na nusu yake sikuyasikia kamwe.

Kila shule ikifungwa tulitoka hivyo asubuhi. Gatwekera, Olympic, tunavuka Ngong Road, tunaingia Kawangware, ambako alifua nguo za wenye ploti, zile nyumba za kupangisha. Sheria ilikuwa moja: hakuna kusimama. Ukiinama kufunga kamba ya kiatu, mama mwingine amekupita, na ukifika getini unamkuta ameshika beseni lako. Niliichukia ile njia, aki. Niliichukia kiangazi na nikaichukia zaidi masika. Nikiwa darasa la sita, pale Olympic barabara inapopanuka, nilimwambia, "Mama, siku moja nitahakikisha hutembei tena."

"Sawa, bosi," akasema, na hakugeuka.

Nilitimiza ahadi hiyo. Hakuna jambo maishani mwangu ninalolijutia kama hilo.

Nilikua, nikapata kazi Ufaransa, kutunza wazee katika mji mdogo ambao hata mbwa wake hubweka kwa adabu. Mji wenyewe umekaa kando ya mfereji. Usifikirie mitaro ya kwetu, tafadhali. Huu ni mpana, ulichimbwa zamani kwa ajili ya mashua za mizigo, maji yake ya kijani yametulia tu, na miti mirefu imepandwa kwa safu pande zote mbili. Kando ya maji kuna njia ya miguu. Inaufuata mfereji, inapita malango ya maji ambayo hufunguliwa mashua zipande na kushuka, inakata kuelekea mtoni, halafu inaingia msituni. Kwenye miti wamepaka mistari ya manjano ili wapita njia wasipotee. Watu hutoka mbali, mabegi mgongoni, kuja kutembea hapo.

Mimi niliwapita kwa gari langu dogo miaka sita, nikiwasonya. Mtu ana gari nyumbani, na bado anatembea kwenye manyunyu kwa hiari yake! Nilisema huo ni mchezo wa watu ambao hawajawahi kuamshwa na njaa. Sikuwahi kukanyaga njia ile hata mara moja.

Basi nikamleta mama kwa wiki tatu. Siku ya pili nilisimamisha gari darajani ili aone mfereji. Akashuka, akashika chuma cha daraja kwa mikono yote miwili. Chini yetu walipita mzee na bibi yake, kila mmoja na fimbo mbili, wanatembea bega kwa bega wakipiga stori.

"Hawa wanaenda wapi?" mama akauliza.

"Hawaendi mahali. Wanatembea tu."

"Wanatembea tu?"

"Ndiyo. Halafu wanarudi."

"Ai! Na hawajabeba kitu?"

"Maji na mkate labda."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akawatazama wale wazee hadi walipofika pale njia inapopinda kulia na kupotelea kwenye miti. "Hiyo njia inatosha watu wawili," akasema. Mimi nilikuwa nimeshawasha gari.

Jioni, tukila, akauliza, "Sasa sisi tutatembea lini?"

"Mama, wewe umetembea ya kutosha."

"Miguu yangu ni mizima."

"Najua. Acha ipumzike."

Aliuliza tena baada ya siku mbili, na tena wiki iliyofuata. Mama si mtu wa kuomba kitu mara tatu. Nilipaswa kushtuka. Badala yake nilimpeleka kwa gari kuona kasri, nikampeleka kwa gari kuona mto, akauona kupitia dirisha, mkanda umemkaba kifuani. Kila tulipofika nilimpiga picha akiwa ndani ya gari, nikawatumia majirani wa zamani. Ngoja niseme ukweli wote, maana nimechoka kuupunguza: nilitaka Gatwekera yote ione kwamba mama yangu hatembei. Ningemrudishaje nyumbani na picha za yeye yuko kwa miguu, vumbi kwenye viatu? Wangesema, kumbe huko nako ni yale yale.

Jumapili ya mwisho jua lilitoka vizuri. Nilikuwa nikitafuta funguo mama alipotoka chumbani. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwa kile anachokivaa safarini, ana chupa ya maji mkononi, na miguuni alikuwa na raba nyeupe mpya kabisa ambazo sikuwahi kuziona. Alikuwa amezichagua mwenyewe soko la Toi kabla ya kusafiri, akazificha chini kabisa ya sanduku.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Mama, na hizo ni za kutoka nazo kweli? Vaa vile viatu nilivyokununulia, tunaenda mjini kutafuta zawadi."

Alitazama chini, kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Alirudi chumbani, akakaa kidogo, akatoka na vile viatu vya ngozi nilivyomnunulia, na ile chupa ya maji hakuwa nayo tena. Mjini alisema kila kitu ni kizuri. Siku ya tatu akarudi Kenya.

Nilikuwa nimeshamhamisha kutoka Gatwekera, nikampangishia chumba cha chini kwenye ploti moja Kawangware, asipande ngazi wala asiruke mitaro. Tangu arudi humo, hata mwaka haukuisha. Asubuhi moja jirani alimkuta sakafuni, upande wa kushoto umekufa. Nikaacha kazi, nikarudi. Kule nilikuwa nikiwasukuma wazee wa watu kwenye bustani kila alasiri, nikiwaambia watazame maua. Sasa namgeuza wa kwangu kitandani, na dirisha letu linatazama ukuta wa ploti ya pili.

Wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa nikifagia chini ya kitanda chake, ufagio ukagonga mfuko wa plastiki. Nikauvuta, nikaufungua. Raba. Kamba zilikuwa zimefungwa pamoja ili moja isipotee. Nikaketi palepale sakafuni.

"Umeziona," mama akasema. Ulimi wake ni mzito siku hizi, lakini ukimpa muda maneno yanafika.

"Nimeziona."

"Basi nipeleke. Kwa mdomo. Anzia darajani."

Nikavuta kiti karibu na mto wake, nikaanza. Tunashuka ngazi za daraja, mkono wa kushoto maji, mkono wa kulia nyasi. Pale kuna nyumba ndogo ya mlinzi wa lango la maji, madirisha yake yana maua mekundu. Bata wanne. Mashua moja imefungwa, mwenyewe ameanika suruali. Miti imejipanga, tunapita chini yake, kivuli, jua, kivuli, jua. Mama alikuwa amefumba macho. Mkono wake mzima ulinishika kifundo cha mkono, na kidole kilikuwa kinagonga polepole, hatua kwa hatua.

"Sasa njia inapinda kulia," nikasema. "Kuna mti wenye mstari wa manjano."

"Halafu?"

"Halafu msitu."

"Ndani kuna nini?"

Kutoka darajani macho yanaishia pale pale, kwenye ule mti. Ningeweza kubuni ndege, kijito, kitu chochote, na asingejua. Nilishindwa.

"Sijui, Mama."

"Hujui?" Akafumbua macho. "Na ulikaa huko miaka sita?"

"Sikuwahi kupita."

Kidole chake kikaacha kugonga. Alinitazama, na mimi nikaona kitu kinalegea usoni mwake, hata upande ule uliokufa.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilidhani unaona haya kutembea na mimi."

Nikasema hapana. Nikasema hapana, Mama, hapana, jamani, nikalia kama mtoto, kichwa kwenye blanketi lake, nikajaribu kumweleza habari ya Olympic, ya ile ahadi, ya mgongo wake, na vile nilikuwa nikihesabu matope kwenye visigino vyake kila asubuhi. Sijui alisikia kiasi gani. Alikuwa akinipapasa kichwa na kusema basi, basi.

Niliponyamaza, akasukuma blanketi kwa mguu mzima. "Nivalishe," akasema.

Wa kulia uliingia bila shida. Wa kushoto umevimba, ikabidi nitoe kamba zote, nipanue, nisukume taratibu, na bado kisigino kilibaki nje. Mama alijaribu kuinua kichwa ili aone, akashindwa, akaniuliza kama zinampendeza. Nikamwambia zinampendeza sana. Nilikuwa nimepiga magoti chini ya miguu yake, na soli zilikuwa zinanitazama usoni, nyeupe zote mbili, safi, hazijawahi kugusa udongo wa mahali popote.