Na Wenzake Watano

Mwezi uliopita alifariki mama aliyekuwa akiuza ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, karibu na mwalo wa Rumonge, pale wavuvi wanaposhusha samaki asubuhi. Tumbo lilimshika Jumamosi, wakampeleka hospitali, Jumanne akakata roho. Nilipata habari kwa kinyozi. Mwili ulikuwa haujaoshwa bado, lakini mtu aliyekuwa akingoja zamu yake alikwishasema, "Kumbe safari hii ameonja yake vizuri." Kibanda kizima kilicheka. Mimi nilikuwa na povu la sabuni shavuni, nikatabasamu ndani ya povu lile. Naanza na tabasamu hilo ili msomaji ajue tangu mwanzo ni nani anayemwandikia leo.

Kwetu anayemkaribisha mgeni pombe huigusa kwanza kwa mdomo wake, ndiko kusogongera. Ni adabu, inachukua muda mfupi, na hakuna anayekodoa macho. Lakini yule mama alionjeshwa kila kitu: ugali, mchuzi, chai, chumvi. Siku moja mvuvi mmoja wa Kabonga alimwambia anywe kwanza maji ya kunawa mikono. Akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Sasa nawa, kaka yangu, mikono isife." Watu walicheka siku hiyo pia. Alikuwa na ulimi, na nadhani ndio uliomfikisha uzeeni.

Chanzo cha kuonjeshwa huko kilikuwa sherehe ya ubatizo kule Kizuka. Yeye na mumewe walikuwa wamerudi kutoka Tanzania si muda mrefu, baada ya miaka mingi ya ukimbizi, na kwa kuwa alijua kupika, aliitwa kusaidia jikoni. Wanawake sita walipika. Usiku wa pili fundi mmoja wa mitumbwi aliyekula pale akafariki, na watu wakasema ni sumu. Polisi waliwachukua wote sita siku ya soko, wakawapitisha mikono imefungwa katikati ya wauza mawese, na kila mtu akaona. Baada ya miezi saba mahakama ikawaachilia wote, kwa sababu daktari aliandika kwamba marehemu alikuwa na kidonda cha tumbo cha siku nyingi na kilipasuka. Hukumu ilisomwa asubuhi ya mvua kubwa. Yule mama aliniambia baadaye kwamba chumbani walikuwa majaji, wao sita, na mbuzi aliyeingia kujikinga. Kukamatwa kwao kulishuhudiwa na soko zima. Kuachiliwa kwao kulishuhudiwa na mbuzi.

Mimi nilihamishiwa kwenye mahakama ile mwaka uliofuata. Nilikuwa karani wa mahakama, yule tunayemwita grefye, mwenye funguo za kabati la majalada, yaani dosiye. Siku ya kwanza alikuja amevaa kitenge cha kanisani.

"Amahoro, shefu."

"Amahoro. Unataka nini, mama?"

"Karatasi ya kesi yangu. Ile inasema sikuua mutu."

"Namba ya dosiye?"

"Namba sina. Hawakunipa namba, walinipa mulango. Walisema, toka."

Nikamuuliza jina, nikafungua daftari la kesi za jinai, nikateremsha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Jina lake halikuwepo.

"Mama, hauko humu."

"Siko? Nililala jela miezi saba, na siko?"

"Basi furahi. Kumbe hukufungwa."

Wenzangu ofisini walicheka mpaka mpiga chapa akagonga meza. Yeye naye alicheka kidogo, kwa heshima, akashukuru, murakoze, akaenda zake. Hapo, naapa, nilikuwa sijui bado. Nilikuwa mjeuri tu.

Mara ya pili alinikuta nimesimama na rais wa mahakama, jaji wetu mkuu. Nikatafuta tena kwa kidole, nikamwambia tena hayupo. Akamgeukia rais, akasema bila hasira, "Shefu, huyu wenu anasoma na kidole tu, macho yake iko likizo. Mumununulie miwani." Rais alicheka sana. Kwa siku kadhaa kila aliyeingia ofisini aliniuliza kama miwani imefika. Nilikuwa nimemaliza sekondari wakati wengi wa umri wangu hawakumaliza, na kusoma ndicho kitu pekee nilichojivunia. Neno lile la mwanamke muuza ugali liliniingia kama mwiba wa samaki kooni, na sikutaka litoke.

Mwezi uliofuata nilikuwa natafuta jalada jingine. Daftarini niliona kesi iliyoandikwa kwa jina la mwanamke mwenye sherehe ile ya Kizuka, na mbele yake maneno matatu: na wenzake watano. Ndivyo tulivyoandika siku zote. Wakishtakiwa watu wengi pamoja, daftarini hupata nafasi mshtakiwa wa kwanza tu, na wengine wote wanaingia katika maneno hayo. Nikatoa jalada. Ukurasa wa pili, mstari wa nne, jina lake lilikuwepo. Nilisoma hukumu yote nimesimama, na ripoti ya daktari, na ile sentensi ya mwisho inayosema hawana hatia, waachiliwe mara moja. Kisha nikalirudisha rafu ya tatu na kufunga kabati. Nilikuwa nimekwisha kusema hayupo mara mbili, mara moja mbele ya rais. Kumpata sasa kungekuwa kukubali kwamba nilihitaji miwani.

Alirudi kila mwaka, na kila mwaka nilimjibu, "Leta namba." Namba niliijua kwa moyo. Baadhi yenu mtadhani nilitaka rushwa. Sikutaka kitu chake. Ningetaka rushwa, angalau angejua bei. Hukumu iliyosomwa mbele ya watu ni mali ya watu, yeyote anaweza kuja kuomba nakala, na kazi niliyoajiriwa ilikuwa kumpa. Nilikataa kwa sababu nilikuwa na ufunguo na yeye hakuwa nao. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Binti yake alipopata mchumba wa Bugarama, shangazi wa kijana aliuliza mbele ya wote, "Tunaleta nyumbani bibi arusi, ama tunaleta sumu? Nyumba iko na karatasi?" Wakapanga warudi Jumapili. Ijumaa mama alikuja ofisini na binti. Siku hiyo hakutania hata kidogo. "Shefu, nakuomba. Nisamehe ile ya miwani. Si mimi niko nakuomba, ni huyu mutoto." Yaani alikuwa amejua muda wote ni nini kilichonikaa kooni. Kabati lilikuwa nyuma ya kiti changu. Ningenyoosha mkono bila kusimama ningeligusa jalada. Nikamwambia, "Rudi Jumatatu, na namba." Jumapili wageni walikuja, wakakaa, wakapewa kinywaji. Mama akakionja mbele yao, na hawakukigusa. Wakaaga. Jumatatu hakuja.

Nilistaafu, na mke wangu akatangulia mbele ya haki, nikawa mtu wa kula mwaloni. Siku moja vibanda vingine vilikuwa vimefungwa na njaa iliniuma, nikaketi kwake. Alinitambua. Akaniletea ugali na ndagala za mawese, zinanukia vizuri, akasimama kando yangu anangoja. Mimi, mtu pekee katika mji mzima aliyekuwa ameisoma hukumu yake mstari kwa mstari, nilimwambia, "Onja kwanza, mama." Akachukua kijiko, akaonja, akameza, akafunua mdomo nione hakuficha kitu. "Umeona? Kula sasa, mzee wa vitabu." Nikala. Mchuzi ulikuwa mtamu, nikarudi kesho yake, na miaka iliyofuata. Hakungoja tena kuambiwa. Akiniona naketi, kijiko kilikuwa mkononi.

Baada ya mazishi nilikwenda mahakamani, safari hii upande wa waombaji. Karani wa siku hizi ni msichana mpole. Aliniuliza namba ya dosiye, nikamtajia bila kufikiri, akaandika ombi, nikaweka sahihi. Nilingoja muda wa kumaliza chai moja. Akaniletea nakala yenye muhuri na kuuliza kama marehemu ni ndugu yangu. Nikamjibu nilikuwa mteja wake.

Siku ya kuondoa matanga niliipeleka kwa binti. Aliiangalia, akanirudishia, akasema, "Musome nyinyi, mzee. Kwa nguvu. Bote basikie." Nilisimama nikasoma: majina sita, daktari, kidonda, hawana hatia. Kisha bibi mmoja jirani akauliza kwa sauti ya kutaka kujua kweli, "Karatasi ni muzuri. Na chakula ya leo, ni nani alipika?" Mtu akaguna, mwingine akacheka puani, na sahani zikabaki mikononi mwa watu zikipoa. Binti alikuja kwangu na sahani yangu. Akachukua kijiko, akaonja, akameza, akafunua mdomo.

"Mwanangu, usionje," nikamwambia.

"Nisipoonja, mzee, mutakula?"

Nilikuwa na hukumu mkononi, muhuri wake bado mpya. Niliangalia sahani kabla ya kumjibu, naye akaona nimeiangalia.

Wasomaji, niliyojifunza nawapa, ingawa gharama yake wamelipa watu wengine. Aliyehukumiwa au aliyeachiliwa aombe nakala yake siku ile ile, kabla hajatoka mlangoni. Aliyekosa kufanya hivyo, na alishtakiwa pamoja na wengine, asitafute kwa jina lake peke yake: aulize kesi ilifunguliwa kwa jina la nani, maana huenda amelala miaka yote ndani ya "na wenzake". Akiambiwa hayupo, aombe daftari ligeuzwe mbele yake, na aombe tena kwa karani mwingine. Na sisi tuliokuwepo sokoni siku mtu anapitishwa amefungwa mikono, tufanye bidii ile ile kwenda kusikiliza hukumu yake, hata kama mvua inanyesha. Karatasi isomwe mtu akiwa hai. Ikisomwa matangani, niliona kwa macho yangu, haishibishi mtu.

Binti bado anapika pale pale mwaloni, kwa mkono wa mama yake. Nendeni mkale, na asiwepo wa kumwambia aonje. Mimi siendi tena. Nilipita huko juzi, na aliponiona mkono wake ulikwenda kwenye kijiko kabla hajanisalimu.