Sinia la Bi Tatu

Usiku ule wa kuamkia siku ya kukizika kipindi chetu, alinijia Bi Tatu.

Wasiomjua niwaambie: ndiye aliyeanzisha "Mchana na Majirani", kipindi cha televisheni cha nyimbo, vichekesho na mapishi, enzi ambazo mtaa mzima ulibanana mbele ya seti moja. Alikiendesha mpaka sauti ikamkauka, akanirithisha mimi niliyeingia pale kupaka wageni poda. Sasa ni marehemu wa miaka mingi. Na wakubwa wa kituo walikuwa wameamua kwamba kesho yake ndiyo mwisho, kwa kuwa watu siku hizi wanatazama simu. Nililala nikilia, sina hata neno moja la kuwaambia watazamaji.

Nikajikuta studio ya zamani, ile yenye mapazia ya kijani. Taa zinaunguza vilevile. Waimbaji wa taarabu wanamalizia wimbo, na mchekeshaji wetu Mzee Kidevu, naye marehemu, anajifuta jasho kwa kilemba chake. Hakuna anayenishangaa. Kisha studio si studio tena, ni ua wa mama yangu, majirani wamejaa hadi dirishani, na Bi Tatu yumo ndani ya kioo cha televisheni huku pia ameketi mkekani, anapakua pilau.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake. Chakula kilichopikwa kipindini hakikumwagwa wala kufungiwa mkubwa yeyote. Wimbo wa mwisho ukianza, wote walikaa chini, waimbaji, wapiga picha, hata fundi wa taa, wakala sinia moja mbele ya kamera. Sisi watoto mtaani tulisema, "Wameshakaa kula, kimekwisha hicho." Baadaye wakaja wadhamini na viungo vyao vya pakiti, ikawa mtangazaji anaonja kijiko kimoja na kukenua meno.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Mungu wangu, nilivyokuwa nimemkumbuka mwanamke huyu! Nakaa ubavuni mwake mpaka bega langu linagusa lake. Nanawa, nanyoosha mkono.

Akausukuma. Akalifunika sinia kwa kawa.

"Bi, mbona unaninyima?"

"Hiki ni cha huku. Wewe huli na sisi."

"Basi nikae tu. Kesho kipindi hakipo tena, nirudi kufanya nini?"

Mzee Kidevu, ambaye hakupata kukosa la utani, ameinamisha kichwa. Bi Tatu ananitazama kwa lile jicho lake kali, lililowanyamazisha hata mawaziri waliozidisha maneno kipindini.

"Huko kwako wako watu wanaoshinda na njaa wakikupiga wewe picha. Wapikie. Kaa nao chini, mle mpaka mshibe. Na watazamaji usiwaage, mwanangu. Wakaribishe."

Nataka kuishika kanga yake, nashika shuka. Kumekucha, na mto umelowa. Nilibaki kitandani nikiuonea wivu ule mkeka, nikitamani kurudi japo kwa dakika. Lakini njaa iliniuma, njaa ya kweli, ambayo sikuwa nimeisikia tangu tumzike Bi Tatu.

Nikampigia simu fundi wa taa, nikamwomba aje na sufuria kubwa la kwao.

"La nini tena, dada? Leo mdhamini nani?"

"Hakuna mdhamini," nikamjibu. "Leo tunakula."