Maji ya Samaki

"Samaki ya chumvi naloweka kwa maji kwanza, vile ulinifunza," mama mmoja mzee alimwambia nesi juzi, kwenye zahanati huku Lodwar. Nesi akapima presha mara ya pili, akapumua. Ilikuwa imepanda tena.

Mimi niliyeachia shule darasa la sita, nikingoja zamu yangu hapo kando, nikang'amua kabla yake. Nikamchokoza: "Mama, na yale maji ya kulowekea unapeleka wapi?"

"Napikia ugali."

Nesi akashika kichwa. "Mama, chumvi yote imebaki humo! Mwaga!"

Mama akanigeukia polepole, akanionyesha kiganja chenye sugu za mtungi. "Nimwage maji, na mfereji imekauka? Wewe ndio utanichotea ingine?"

Somo la chumvi mama amelishika vizuri. Aliyefeli ni mfereji.