Fundi wa Al Ras na nguzo isiyofungwa

Saa moja kasorobo asubuhi, wapagazi wa mtaa wa Al Ras, Dubai, wakiwa ndiyo kwanza wanatoa mikokoteni yao, Gervas Rwegasira ameshapiga magoti juu ya maranda. Mbele yake umelazwa mlango wa msaji uliong'olewa kwenye nyumba ya mfanyabiashara wa zamani. Anapitisha kiganja juu ya ubao, anasita, anarudisha mkono nyuma kidogo, anapitisha tena.

"Huu umekunywa maji," anasema. "Nikiupiga randa leo, wiki ijayo utajikunja kama karatasi. Tuuache siku kumi upumue, ndipo tuzungumze nao."

Mafundi wawili walio karibu naye wanacheka. Wamezoea kumsikia akiuzungumzia ubao kama mgonjwa aliyelazwa wodini.

Gervas, mwenye umri wa miaka 43, ni mzaliwa wa Muleba, mkoani Kagera, Tanzania. Useremala aliusomea katika shule ya ufundi ya misheni, na miaka kumi na mmoja iliyopita alitua Dubai kwa mkataba wa kupiga mbao za kumwagia zege. Leo anasimamia mafundi wanane katika karakana hii ndogo ya Deira inayokarabati milango ya kale na kutengeneza mipya kwa ajili ya hoteli. Mshahara wake ni dirham 4,200 kwa mwezi, zaidi ya mara mbili ya ule wa miaka mitatu nyuma.

Miaka mitatu nyuma, kazi yenyewe ilikuwa karibu kumponyoka.

Karakana ilikuwa imepewa kazi kubwa kuliko zote ilizowahi kupata: lango la msaji lenye upana wa mita nne, la kusimamishwa kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja mpya. Gervas aliiongoza kazi hiyo kwa miezi mitano. Mbao alizichagua mwenyewe, moja moja. Wahandisi wa hoteli wakalipokea, wakalibana ndani ya fremu ya chuma, bolti pande zote nne.

"Niliwaambia, sir, hapa mnalikaba," anakumbuka. "Mhandisi akaniambia, wewe fundi, chuma ni kazi yetu. Nikanyamaza. Kosa langu ni hapo. Nilinyamaza."

Kiangazi kilipofika, mlango wa hoteli ukawa unafunguliwa na kufungwa siku nzima, nje joto la kuchemsha, ndani kiyoyozi kikavu. Mwezi Julai lango likapasuka. Ufa wa kwanza ulikuwa wa unywele. Kufikia Agosti ungeweza kuingiza kidole.

Hoteli ikamlaumu arbab, yaani mwajiri mwenye karakana, na arbab akamlaumu Gervas kwamba alitumia mbao mbichi.

"Khalas, Gervas," mzee huyo alimwambia mbele ya mafundi wote. "Mwezi wa kumi viza yako inaisha. Tutaona kama kuna haja ya kuandika nyingine."

Bahati ni kwamba kulikuwa na safari ambayo haingeweza kuahirishwa. Karakana ilikuwa imenunua mashine ya kupasulia mbao kutoka Japani, na kiwanda kilitaka mtu mmoja aende Osaka kujifunza kuitumia. Viza ya Japani ilikuwa imetoka kwa jina la Gervas. Tiketi ilikuwa imeshakatwa.

"Yeye alitaka kukataa," anasema Loise, Mkenya kutoka Vihiga ambaye ni karani wa karakana. "Nikamwambia, wewe, hiyo tiketi haiwezi ozea kwa meza yangu. Kama ni kufukuzwa, si ufukuzwe ukishaona Japani?"

Mafunzo yalichukua siku nne. Siku ya tano ilikuwa ya mapumziko, na wenzake kutoka nchi nyingine wakaenda madukani. Gervas hakuwa na hamu ya kununua kitu. Mkufunzi wake alikuwa amemtajia mnara wa mbao wa ghorofa tano ulioko Kyoto, mwendo wa nusu saa kwa treni, kwenye hekalu la Kibudha liitwalo Toji. Akaenda peke yake.

Alishuka kwenye stesheni kubwa ya vioo na vyuma, akapita kati ya mahoteli, maduka na nyaya za umeme, na kwa dakika kumi na tano hakuona dalili yoyote ya kitu cha kale. Kisha akainua macho.

"Ulikuwa umesimama tu pale, mweusi, mita hamsini na kitu kwenda juu, na treni za mwendokasi zinapita si mbali," anasema. "Wakaniambia una karibu miaka mia nne. Mbao! Na ile nchi ardhi inatetemeka kila leo."

Langoni alisita. Gervas ni Mkatoliki, na mfukoni alikuwa na rozari aliyopewa na mkewe, Fortunata. Hakujua kama anaruhusiwa kuingia, wala kama mwenyewe anajiruhusu. Waumini walikuwa wakisimama mbele ya jengo la ibada, wanainama, wanakutanisha viganja. Mama mmoja mzee aliyejitolea kuwapokea wageni akamwona, akamwendea.

"Akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole, umekuja kusali au kutazama? Nikamjibu, mama, mimi ni seremala. Akacheka. Akasema, basi wewe ni wa nyumbani."

Siku hiyo chini ya mnara palikuwa wazi kwa wageni. Ndani mlikuwa na harufu ya ubani, na sanamu zilizozunguka nguzo moja nene ya katikati inayopanda hadi juu kabisa. Gervas aliinama kuliko wageni wengine, akapinda shingo, akachungulia huku na huku hadi mlinzi akaanza kumkodolea macho.

"Mama," akamnong'oneza mwenyeji wake, "nguzo hii imefungwa wapi?"

"Haijafungwa."

"Hata kwenye ghorofa ya pili?"

"Wala kwenye ghorofa nyingine yoyote."

Kisha mama yule akamweleza jambo ambalo Gervas analisimulia leo kama mtu anayesimulia kuzaliwa kwa mwanawe. Mnara ulipofikisha miaka hamsini hivi, mbao zake zilikuwa zimekauka na kushikana, jengo zima likatitia. Nguzo ya katikati, kwa kuwa imesimama wima peke yake, haikutitia. Ikabaki ndefu kuliko nyumba yake. Mafundi wa wakati ule hawakuikandamiza wala kuipiga misumari. Waliikata chini, kama nusu mita, wakaiacha ikae inavyotaka.

"Ndipo nikaelewa," anasema Gervas. "Nilikuwa peke yangu Dubai nikisema mbao inatembea, inatanuka na kusinyaa. Kumbe kuna watu walilijua hilo kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, na mnara wao huu hapa."

Ndani hapakuruhusiwa kupiga picha. Alitoka, akakaa kwenye jiwe la bustani, akachora. Alichora nguzo, sakafu, na uwazi uliopo kati yake, kurasa sita za daftari la mafunzo. Kabla hajaondoka alisimama mbele ya jengo la ibada, akashika rozari yake, akamshukuru Mungu wake kimyakimya. Mama yule alisimama pembeni akamngoja amalize.

Aliporudi Dubai hakusubiri kuitwa. Alimwomba arbab dakika ishirini na wahandisi wa hoteli. Loise anakumbuka kikao hicho, kwa kuwa ndiye aliyepeleka chai.

"Gervas yule wa kunyamaza hakuwepo," anasema. "Aliweka daftari mezani, akawaambia, sir, nitawapa maneno matatu. Mbao yangu ilikuwa kavu, pimeni. Fremu yenu imeikaba. Nipeni wiki tatu, na likipasuka tena nitapanda ndege mwenyewe."

Walipima. Mbao ilikuwa kavu. Mhandisi alilipekua daftari, akauliza swali moja tu, kuhusu vipimo. Arbab akasema, "Yalla, anza."

Gervas alibadilisha mbao mbili zilizopasuka, akang'oa bolti za pembeni, akalikaza lango kwa bolti za katikati tu, kingo zake zikatelezea ndani ya mfereji wenye nafasi ya unene wa penseli. Viangazi viwili vimepita tangu hapo. Lango limetanuka na kusinyaa, na hakuna ufa. Viza yake ya kazi iliandikwa upya, na sasa hakuna fremu inayochorwa kwa kazi ya karakana bila wahandisi kumuuliza kwanza.

"Nilimkosea," anasema arbab, akiwa amesimama mlangoni na gahawa yake. "Nimemwambia hivyo mbele ya mafundi walewale."

Desemba Gervas atakwenda likizo Muleba. Kigango chao cha kanisa kinataka kujenga mnara wa kengele, na kamati imependekeza wa zege. Yeye ameshatuma michoro ya mnara wa mbao wa mita kumi na mbili, pamoja na orodha ya mafundi vijana wanane wa kijijini ambao angependa kuwafundisha wakati wa ujenzi.

Je, kamati imekubali?

"Bado," anasema, akikung'uta maranda magotini. "Lakini nimeshawaambia wasiagize saruji."