Paja la Mbuzi wa Idi

Niseme mapema ili msinicheke katikati: kwenye stori hii mjinga ni mimi. Lakini kila nikisikia harufu ya bizari ya pilau ikitwangwa kwenye kinu, miguu inaniuma kama nimetoka uwanjani sasa hivi.

Nilikuwa darasa la tano, kwetu Cheyo, mjini Tabora. Ilikuwa Ramadhani, na mtaa wetu tulikuwa tucheze na vijana wa Kanyenye kugombea mbuzi. Mbuzi mwenyewe alifungwa nyuma ya goli, anatafuna majani ya viazi kama hayamhusu. Kocha wetu, Kaka Saidi, fundi baiskeli, alishaahidi: tukishinda, mshambuliaji wa kati anabeba paja. Mshambuliaji ni mimi. Mwaka ule nyama tuliisikia harufu tu kwa majirani, kwa hiyo mama alipopata habari akatwanga bizari siku ileile, akaazima na sufuria kubwa kwa Mama Zuhura. Nikamwambia aazime na mwiko.

Kaka Saidi alikuwa habanduki kwenye banda la video, na timu za Ulaya zilishamharibu kichwa. Akatupangia vizibo vya soda juu ya benchi lake la kazi. "Hatuwasubiri kwetu. Tunawakabia kwao!" Mpira ukifika kwa beki wao, mimi namvaa, mawinga wanafunga pembeni, viungo wanapanda, mabeki wetu wanasogea mpaka katikati ya uwanja. Hakuna pa kupumulia.

"Dogo, wewe ndiyo kengele," akaniambia. "Ukitoka, wote wanatoka. Na usigeuke nyuma, unapoteza muda."

Wale wa kwenye video wanakunywa maji. Sisi tulikuwa tumefunga swaumu, tunacheza baada ya alasiri, mchanga wa Tabora unachoma mpaka kisigino. Hilo vizibo havikulisema.

Mwanzo tuliwala. Walichanganyikiwa, wakawa wanabutua hovyo, tukawatia mawili, moja langu. Nikamwangalia mbuzi, nikaliona paja langu limesimama pale, na kwato yake.

Kipindi cha pili wenzetu wa Kanyenye wakapoa. Pasi fupi fupi, taratibu, hakuna anayekimbia. Nikamvaa Maganga, beki wao mrefu, akautoa mpira kabla sijafika.

"Karibu mgeni," akasema.

Nikamvaa tena.

"Karibu tena mgeni. Leo hukai?"

Mate yalikuwa gundi. Kaka Saidi anafoka pembeni, "Kengele! Kengele!" nami nakimbia, najua nyuma yangu linakuja jeshi zima. Wakarudisha moja. Wakasawazisha. Walipofunga la tatu ndipo nikageuka. Wenzangu wote walikuwa mbali kule, wameinama, mikono magotini, na kati yangu na wao pangelimwa shamba la mahindi.

Kanyenye waliondoka na mbuzi adhana ya magharibi ikilia. Kaka Saidi hakuvilaumu vizibo. "Wewe ndiye uliyeacha pengo," aliniambia mbele ya wote, na mechi iliyofuata nafasi yangu akampa mwingine. Sufuria nikairudisha mimi mwenyewe kwa Mama Zuhura, safi kama ilivyokuja. Idi tulikula wali na maharage, na kwa kuwa bizari ilishatwangwa, mama akaitia kwenye maharage. Akanipakulia mimi kwanza. Bora angenitukana.

Miaka mingi niliamini lile pengo ni langu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba anayekaba peke yake hakabi, anawafungulia watu mlango. Na hilo silo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba timu nzima ilikuwa imesimama inaniangalia nikikimbia, na hakuna hata mmoja aliyeniita.

Juzi nilipanda bodaboda pale stendi, kumbe dereva ni Maganga. Nikamuuliza kwa utani kama ananikumbuka. Akacheka mpaka pikipiki ikayumba.

"Mgeni! Tulikuwa tunakungoja uje, ndiyo tunapiga mpira kule ulikotoka. Mwanzoni tulikuonea huruma, bwana. Baadaye tukazoea."